Tal au Shirov: kama unapenda kushambulia, uanze na nani?

Jioni moja Sauda, mtoto wa dada yangu, kanikuta nafunga duka, akaniuliza, "Mjomba, nisome gemu za chesi za nani, Tal ama Shirov?" Nikamwambia soma wote, wote wawili ni wakali. Akaniangalia vile dada yangu huniangalia nikisema upuuzi. "Bando ni la wiki moja, Mjomba. Chagua mmoja."

Nikasema nitakujibu kesho, na hiyo kesho ikawa siku nne, manake nilivyokaa kulifikiria nikaona kumbe si swali la mtoto. Watu wengi wakishajua kucheza kidogo wanataka kuwa washambuliaji, hakuna anayeniuliza "mjomba nifundishe kulinda poni", zile ndogo za mstari wa mbele, na majina yanayotajwa sana ni hayo mawili, tena watu wanayachanganya kama vile ni ndugu tumbo moja. Si ndugu, na tofauti yao ni kubwa, ukianza na yule asiyekufaa unaweza kupoteza mwaka mzima (mimi nilipoteza karibu miwili, nitawaambia).

Kwanza mjue naandika kutoka wapi. Tunacheza hapa Busia, upande wa Uganda, nje ya duka langu la vipuri vya boda, karibu na pale malori yanajipanga kungoja kuvuka. Dereva wa Mombasa anayepeleka mzigo Kampala au Kigali au Juba akikwama na karatasi zake anakuja kukaa kwa benchi, mmoja anaagiza kikomando (chapati na maharage), mwingine chai, na bodi inatolewa chini ya kaunta. Bodi yenyewe ni ya kukunja, imepasuka katikati, ruku moja nyeusi ilipotea zamani tukaweka nati ya tairi na sasa tumeizoea hadi mgeni akija na seti kamili tunaona kama kuna kitu kimekosekana. Ng'ambo ya barabara wazee wanacheza mweso, ule mchezo wa bao wa Uganda. Siku moja nilimwambia mzee mmoja kwamba mweso una kete 64 na bodi ya chesi ina miraba 64, nikidhani nimesema kitu cha maana, akanijibu bila kuinua macho: kwa mweso kete yako ikiliwa inapandwa tena upande wa pili, bado iko shambani inafanya kazi, lakini kwa hiyo chesi yenu ikiliwa imekufa, ndio maana mnaogopa.

Nilicheka lakini neno lake limenikaa. Manake Tal na Shirov wote wawili walijenga jina kwa kuua vitu vyao wenyewe. Farasi, bishopu, ruku, wanatoa tu. Swali ni wanatoa kwa nini, na hapo ndipo wanapoachana.

Haya, wote wametoka mji mmoja, Riga, kule Latvia. Mikhail Tal alizaliwa 1936, Alexei Shirov 1972. Shirov anakua mtoto hapo Riga, Tal tayari alikuwa aliwahi kuwa bingwa wa dunia, kwa hiyo fikiria unacheza mpira mtaani na kwenye mtaa huohuo anakaa mtu aliyebeba kombe la dunia. Mwaka 1988 walipata mataji wote kwa mpigo: Shirov bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 16, na Tal, mzee wa miaka 51 tayari, akashinda ubingwa wa dunia wa blitzi, zile gemu za dakika chache, kule Saint John, Kanada. Hiyo ya Tal mimi huwa nawasimulia vijana wakianza kuniita mzee.

Tukianza na maisha yao ya mashindano, kwa mataji hakuna ubishi, Tal yuko juu. 1957 akiwa na miaka 20 anachukua ubingwa wa Usovieti, na ule ubingwa wa Usovieti usiuchukulie kama ligi ya wilaya, karibu wakali wote wa dunia walikuwa humo ndani. 1958 anachukua tena. Mwisho wa safari aliubeba mara sita. 1959 kwenye mashindano ya kutafuta mpinzani wa bingwa, kule Yugoslavia, alimkuta kijana wa Marekani wa miaka 16 anaitwa Bobby Fischer akamfunga gemu nne kwa nne. Nne! Halafu 1960, Moscow, anakaa na Mikhail Botvinnik, injinia wa umeme, mtu wa mpango na utaratibu, na Tal anamfunga pointi 12.5 kwa 8.5 (sare ni nusu pointi). Bingwa wa dunia akiwa na miaka 23, hakuwahi kuwepo bingwa mdogo hivyo mpaka Kasparov alipokuja 1985.

Lakini sheria ya wakati ule ilimpa bingwa aliyeangushwa haki ya kurudiana. Botvinnik akaenda nyumbani akakaa akamsoma Tal kama mtu anayesoma mita ya umeme, 1961 akarudi akamfunga 13 kwa 8. Kwa hiyo Tal alikaa na taji mwaka mmoja tu, na hajalipata tena.

Sehemu kubwa ya hadithi ya Tal ni figo. Figo zilimsumbua maisha yake yote, 1962 kule Curaçao aliugua katikati ya mashindano ikabidi aache, akalazwa, na Fischer yule aliyefungwa nne akaenda kumtembelea hospitalini. 1969 figo moja ilitolewa. Na mkono wake wa kulia alizaliwa una vidole vitatu tu, ila piano alipiga. Juu ya hayo sigara hazikatiki na pombe iko pale, yaani huyu si mtu wa kumwiga maisha, umwige kwenye bodi peke yake. Mwaka 1992 mwezi wa tano, mgonjwa kabisa, alitoka hospitali akaenda kucheza blitzi Moscow na akamfunga Kasparov, ambaye wakati huo ndiye bingwa wa dunia. Mwezi uliofuata akafariki.

Shirov naye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na jinsi alivyokosa inauma kuliko kufungwa. 1998 waliambiwa yeye na Vladimir Kramnik wacheze, atakayeshinda ndiye atakutana na Kasparov kugombea taji. Wakacheza Cazorla, Uhispania, Shirov akashinda 5.5 kwa 3.5, hajapoteza hata gemu moja. Basi akangoja mechi yake. Hela ya kuandaa mechi haikupatikana, mipango ikavunjika, muda ukaenda, na mwaka 2000 aliyekaa mbele ya Kasparov kule London ni nani? Kramnik. Yule yule aliyefungwa. Na Kramnik akachukua taji. Banange. Huwa naisimulia hiyo kwa madereva wanaolalamika kwamba wamerukwa kwenye foleni, wananyamaza.

Mwaka huohuo wa 2000 Shirov alifika fainali ya ubingwa wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kule Tehran, akakutana na Anand akachapwa vibaya, 3.5 kwa 0.5. 2007 fainali ya kombe la dunia akapoteza kwa Kamsky. Mwanzo wa 2008 alifika reti (namba ya kupima nguvu ya mchezaji) ya 2755. 2009 akashinda mashindano ya Sofia mbele ya Carlsen na Topalov. Alihamia Uhispania miaka ya tisini na kuichezea timu yao. Na doa moja mashabiki wake hawapendi kulisikia, Shirov hakuwahi kumfunga Kasparov kwenye gemu ya muda mrefu, hata moja.

Kwa hiyo kama unachagua kwa makombe tu, acha kusoma, chukua Tal uende. Lakini mtu hasomi gemu kwa sababu ya kombe. Unasoma ili kesho jioni usifungwe na dereva wa Juba.

Sasa tufike kwenye uchezaji wenyewe.

Nianze na kiboko. Tal mwenyewe alisimulia kwamba siku moja kwenye ubingwa wa Usovieti anacheza na Vasiukov, akawa anafikiria kutoa farasi. Akaanza kuhesabu, akila hivi naenda hivi, akienda kule narudi huku, mahesabu yakajaa kichwani yakawa fujo tupu, na ghafla akakumbuka shairi la watoto linalosema habari ya kumtoa kiboko kwenye tope. Basi mtu yuko kwenye mashindano makubwa ya nchi, saa inakimbia, na yeye anawaza kiboko utamtoaje kwenye tope: jeki? nyenzo? helikopta na ngazi ya kamba? Akahangaika na kiboko muda mrefu, akashindwa, akasema kwa hasira basi na azame. Kiboko akapotea kichwani. Akaangalia bodi tena, akaona kwamba ile kafara, yaani kutoa kitu chako kwa makusudi, huwezi kuihesabu mpaka mwisho, akaitoa kwa kuhisi tu. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Tal, baada ya kufikiria dakika 40, alitoa kafara iliyohesabiwa kwa usahihi kabisa.

Sisi Uganda kiboko tunamjua, nenda pale Kazinga utawaona wamejazana, na yeyote aliyewahi kumwona kiboko kwenye tope anajua hakuna jeki ya kumtoa. Ndio Tal huyo. Anakuletea tope, na yeye mwenyewe hana uhakika wa kutoka, ila anaamini wewe utazama kwanza.

Gemu ya kuiangalia ni ya sita kwenye ile mechi ya 1960 na Botvinnik. Tal ana nyeusi. Kwenye hatua ya 21 anapeleka farasi f4 (kila mraba una herufi na namba yake), mbele ya poni, kama mtu anayeweka simu mezani sokoni na kugeuka. Ukumbi ulipiga kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik anamla. Sasa kinachotokea baada ya hapo kakisome polepole: mistari inafunguka, bishopu wa Tal anaanza kupumua, kila kitu cheusi kinapata kazi. Baadaye wachambuzi wakakaa na muda wao wakasema Botvinnik alikuwa na njia ya kujitetea, kafara ilikuwa na tundu. Sawa. Lakini Botvinnik hakuwa na mwezi mzima, alikuwa na saa inayotembea na kijana wa miaka 23 anamkodolea macho. Alikosea, akafungwa.

Hayo macho nayo ni hadithi. 1959 Benko, Mhangari mmoja, aliona Tal anamloga kwa kumwangalia, akaja na miwani ya jua. Tal naye akaazima miwani kwa mtu mwingine akavaa pia. Na akamfunga.

Kwa hiyo kafara ya Tal ni swali. Anakuuliza swali gumu wakati huna muda wa kujibu. Mara ya kwanza nilivyoelewa hivyo nikasema kumbe ni rahisi, mtu unatoa tu! Nikaenda mashindano madogo ya wikendi Jinja, gemu ya pili nikapangiwa mtoto wa shule, miaka kama 12, miguu haifiki chini kwenye kiti. Nikatoa bishopu h7, paa, nikapiga na saa kwa nguvu kama nimeona kwenye video. Mtoto akamla bishopu. Akakaa. Mimi naangalia bodi natafuta shambulio liko wapi, nina kwini peke yake kule mbele, farasi wangu mmoja bado yuko nyumbani hajatoka hata kunawa uso. Hatua kumi baadaye nimekwisha. Mtoto ananipa mkono kwa adabu, "asante sana, sir". Sitasahau hiyo sir.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilimsoma Tal kwa picha zake maarufu, ule mguso wa mwisho tu, sikuangalia hatua 15 za kabla. Ukiziangalia unakuta kabla hajatoa kitu, huyu mtu ameshajaza majeshi. Hesabu vitu vyake vilivyo upande wa mfalme wa mwenzake, hesabu vya mlinzi, karibu kila mara Tal ana zaidi. Kwenye gemu ya mwisho na Larsen 1965, wamefungana 4.5 kwa 4.5, gemu ya kumi ndiyo ya kuamua, Tal anatupa farasi d5 na watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa sahihi, lakini angalia bodi kabla ya hiyo hatua: vitu vyake vyeupe vimesimama kama boda zinazongoja taa iwake kijani. Hakutoa kutoka kwenye umaskini.

Na jambo lingine mashabiki hawalipendi. Huyu "mchawi wa Riga" kati ya 1973 na 1974 alicheza gemu 95 mfululizo bila kupoteza, 46 ameshinda na 49 sare. Kabla ya hapo alikuwa na mfululizo mwingine wa 86. Ile 95 ilikaa zaidi ya miaka 40 mpaka Ding Liren akaivuka 2018. Mtu wa kubahatisha hakai gemu 95. 1979 Riga kwao nyumbani kwenye mashindano ya kufuzu alipata pointi 14 kati ya 17. Yaani Tal mtu mzima alijua kungoja, na hizo gemu zake za kungoja ni nzuri kusoma kuliko watu wanavyodhani, ila haziko kwenye video za dakika moja.

Shirov sasa. Watu wakisema Shirov wanaonyesha hatua moja, na wana haki. Tafuta bodi uipange, ni vitu vichache. Linares, 1998, anacheza na Topalov, Shirov ana nyeusi. Nyeupe: mfalme g1, bishopu c3, poni g2 na h4. Nyeusi: mfalme e6, bishopu f5, poni a4, d5, f6, g6. Umepanga? Kila mtu anayejua kidogo anasema sare hiyo, manake bishopu wao wanatembea rangi tofauti, na hapo hata ukizidi poni mbili unaweza kukwama. Mfalme mweupe akiwahi tu kufika e3, anaweka kiti chake pale mbele ya poni na mambo yote yanaganda.

Zamu ya Shirov. Tatizo lake ni nini? Mfalme wake anataka kwenda e4 haraka, njia inapita f5, na f5 amekaa bishopu wake mwenyewe. Akimsogeza mahali pa kawaida amepoteza zamu moja, na mfalme mweupe amewahi. Basi akamchukua bishopu akamweka h3. Mbele ya poni. Bure kabisa. Mara ya kwanza nilivyoona nilidhani simu imenionyesha vibaya.

Ukimla kwa poni, mfalme mweusi anaenda f5, halafu e4, amewahi kwa zamu moja, zamu moja tu! Nyeupe anakula poni ya f6, Shirov wala haangalii, d5 inasogea d4, mfalme anaingia d3, anazunguka c4, anafika b3, na sasa kuna poni mbili zinakimbia, moja ya a na moja ya d, na bishopu mmoja hawezi kulinda milango miwili. Topalov akaacha. Na usipomla je? Dereva mmoja wa Kigali alinibana hapo karibu saa nzima. Mfalme akija f2, mweusi anaenda f5, mweupe anaziba kwa f3, basi bishopu anakula poni g2 kwa cheki (anamtishia mfalme), mfalme anamla, na mweusi anaingia e4 vilevile. Umempa tena, na bado unashinda.

Sasa angalia tofauti. Hii si swali, hii ni jibu. Shirov hakutoa bishopu ili Topalov achanganyikiwe, alimtoa kununua zamu moja, alijua bei yake, na baada ya kumtoa hakuna kitu Topalov angefanya. Unaweza kukaa na kompyuta usiku kucha haitakuonyesha tundu. Na hakuna mfalme anayewindwa hapo, kwini zilishatoka zamani, ni mwisho wa gemu kavu kabisa ambapo wengi wetu tunasinzia.

Kuna upande wa Shirov wa moto pia, si kwamba ni mhasibu. Kuna ule mfumo kwenye Semi-Slavu, namna moja ya kufungua gemu, ambapo hatua ya saba nyeupe anasukuma poni g4, anaitoa bure wakati hata mfalme hajafichwa pembeni, wenyewe wanauita kwa jina lake na la Shabalov, naye pia wa Riga, sijui maji ya kule yana nini. Lakini mifumo anayopenda Shirov ina mistari mirefu ya kukariri, hatua 20 na zaidi, ukisahau moja umezama. Kwa mtu wa bando la wiki hiyo sehemu nashauri airuke. Kwa Tal unajifunza ufunguzi wake wa Benoni kwa nyeusi na kuanza na poni e4 kwa nyeupe, unapata wazo, unatoka unacheza, hata ukisahau hatua wazo linabaki.

Basi nani kwa nani? Mimi nimekuja kuona inategemea ugonjwa ulio nao.

Kama wewe ni kama mimi, unatoa farasi kila gemu, unaona cheki unapiga cheki, ukishinda unashinda vizuri sana watu wanapiga picha, na ukifungwa unasema "lakini ilikuwa nzuri", wewe usimguse Tal. Atakuongezea homa. Nenda kwa Shirov, anza na hizo gemu zinazofika mwisho, funika hatua kwa mkono, kila akitoa kitu jiulize amenunua nini: zamu? mraba? mstari? Andika kwenye karatasi kabla ya kufunua. Ukishindwa kutaja alichonunua, rudi nyuma. Miezi miwili ya hiyo iliniponya zaidi ya kocha yeyote, nikaanza kusikia mkono wangu unasita kabla ya kutoa bishopu.

Na kama ugonjwa wako ni wa upande mwingine, unashika poni kama hela ya mahari, unabadilishana kila kitu upate amani, ukiona bodi imechafuka tumbo linauma, basi Shirov hatakusaidia, utamsoma utasema eeh, mahesabu mazuri, na kesho utacheza vilevile. Wewe ni wa Tal. Unahitaji kuona mtu amekaa kwenye tope na anacheka. Fanya hivi: chukua gemu zake za 1957 mpaka 1960, simama hapo kabla ya kafara, na usitafute kama ni sahihi, jiulize tu ungekuwa wewe unalinda, na umebaki na dakika tano, ungekula? Ungejisikiaje? Na usiwashe kompyuta. Kompyuta itakuambia kafara mbovu na utafunga simu ukiwa umejifunza uoga mpya.

Anayecheza mtandaoni usiku na kila gemu anaipeleka kwa mashine, au anayejiandaa na gemu ndefu za mashindano, Shirov atakaa naye vizuri. Anayecheza blitzi kwa benchi na binadamu wanaotoka jasho, Tal bila kufikiria. Kwa gharama hakuna tofauti, gemu za wote ziko bure kwenye tovuti ya Lichess, unazishusha kama maandishi, hata MB hazili, ni video ndizo zinamaliza bando.

Watu wengine watasema kwa nini mnahangaika na Walatvia wakati tuna wetu. Kweli tunao. Phiona Mutesi alitoka Katwe akajifunzia kwa Robert Katende, 2012 kule Istanbul akapata cheo cha WCM (mgombea umasta wa wanawake), na tuna mabwana kama Arthur Ssegwanyi na Elijah Emojong wenye cheo cha IM (masta wa kimataifa). Gemu zao pia zisomwe, hasa kuona mtu wa hapa anavyopambana na reti kubwa. Ila swali la Sauda lilikuwa hao wawili.

Na Sauda ni mtu wa poni na mahari. Nimemwona akiwa na nafasi ya kushambulia anabadilisha kwini kwa kwini, halafu anapumua kama ametua mtungi. Kwa hiyo siku ya nne nikamwambia: Tal. Wiki nzima Tal peke yake. Hakuniuliza sababu, alichukua simu akaenda.

Ijumaa jioni akakaa na dereva wa Juba, yule anayecheza taratibu, Sauda hajawahi kumfunga. Hatua kama ya 18 nikaona mkono wa Sauda unaenda kwa farasi, unarudi, unaenda tena, na akamweka f5 mbele ya poni wazi kabisa. Benchi ikanyamaza. Mimi nikahesabu haraka haraka upande ule: kwini yake ipo, bishopu wote wawili wanaangalia kule, ruku imeshahama. Dereva kavua kofia. Akainama juu ya bodi, chai ikapoa, akashika poni akaachia, akasema "huyu mtoto mmemlisha nini", dakika kumi hajasogeza kitu. Ndipo honi zikaanza kule nyuma, foleni imesogea na lori lake limeziba njia, turnboy anamwita kwa kelele, ikabidi aondoke anakimbia huku anageuka kuangalia bodi.

Nimeipiga picha. Bodi iko chini ya kaunta kama ilivyoachwa, farasi yuko f5, nati ya tairi iko f8, nimeifunika na boksi ili paka asipite juu. Dereva amepiga simu kutoka Nimule, hakuulizia habari za watu, ameuliza kama ni zamu yake bado. Sauda naye anataka tuiweke kwa kompyuta tuone kama kafara ilikuwa sahihi. Nimekataa. Bando lenyewe limeisha.